Ukitaka kukata tawi, anza na hesabu

(Maelezo haya yalisomwa kwanza redioni, katika kipindi chetu cha kila wiki)

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mjini huliona dogo mpaka siku linapotuangukia kichwani. Nalo ni miti ya majumbani mwetu, pamoja na watu tunaowaita kuja kuipunguza.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Nyuma ya nyumba ninayoishi hapa Dar es Salaam upo mwembe wa siku nyingi. Tawi lake moja nene lilikuwa limelala juu ya uzio na kuelekea kwenye paa la jirani. Kila ufikapo mwezi Februari, kabla masika hayajaanza, jirani yangu huyo, mama mtu mzima, alikuwa akinikumbusha. "Mwanangu," ananiambia nikishamwamkia, "lile tawi lako litatuua." Nami hujibu, "Nimesikia, mama, nitalishughulikia." Ikapita miaka miwili.

Mwaka wa tatu nikaona haya, nikamwita fundi. Akaja mtu mzima mmoja mwenye biashara yake ndogo ya kukata miti, akiwa na vijana wawili. Akauzunguka mwembe mara mbili, akaligonga shina kwa mpini wa panga, akatazama waya wa umeme unaokwenda kwa jirani, kisha akataja bei: shilingi 280,000. Nikashtuka. Tawi moja? Nikamshukuru, nikamwambia nitampigia simu. Jioni ile ile nikampata kijana wa mtaani aliyekubali kwa shilingi 60,000. Nikajiona mjanja.

Kijana alikuja asubuhi, peku, panga kiunoni. Hakuwa na kamba wala kofia ngumu. Akakwea, akakaa kwenye tawi jingine, akaanza kukata kutoka juu, karibu kabisa na shina. Kabla hajafika katikati, tawi likapasuka kwa uzito wake lenyewe. Likachana gome la shina kwenda chini kiasi cha urefu wa mkono, likabembea na kuvunja bati za jirani. Mti mzima ukatikisika. Kijana akateleza, akaangukia uzio, kisha chini. Waya wa umeme ulikoswa kwa kiganja tu.

Namshukuru Mungu kwamba alivunjika mkono tu. Bati, hospitali, nauli na siku zake za kukaa bila kazi, vyote vilikuwa juu yangu, na havikupungua shilingi laki nne. Lakini kinachonisumbua mpaka leo si fedha. Ni uso wa mama yake aliponikuta hospitalini. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Baba, ulimwona hana kamba, ukamwacha akwee?" Sikuwa na jibu.

Wiki iliyofuata nikamtafuta yule fundi wa kwanza nikamwomba radhi. Mimi nilisomea uandishi wa habari, si misitu, kwa hiyo nilimwomba anieleze kazi yake kama anavyomweleza mwanafunzi. Hayo ndiyo ninayotaka kukushirikisha leo.

Kwanza, uzito. Watu wengi hutazama tawi wakaona majani. Fundi huona kilo. Chukua tawi lenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita nne. Kwa kuwa mti mbichi umejaa maji, tawi hilo linaweza kufika kilo 250, bila kuhesabu vitawi na majani yake. Hayo ni magunia mawili na nusu ya mahindi yanayoning'inia juu ya paa lako. Ndiyo maana fundi hafikirii kukata kwanza. Anafikiria litashukaje. Hufunga kamba nene kwenye tawi, akaipitisha juu ya panda imara, na vijana walioko chini hulishusha polepole kipande kwa kipande.

Pili, namna ya kukata. Tawi nene halikatwi mara moja, hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza hupigwa kutoka chini, kiasi cha sentimita 30 mbali na shina, na huingia theluthi moja tu ya unene. Mkato wa pili hupigwa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Hapo tawi hukatika na kuanguka, na likitaka kupasuka, mpasuko hukomea kwenye ule mkato wa chini badala ya kuchana shina. Mkato wa tatu ni wa kuondoa kile kisiki kilichobaki. Kijana wangu angejua hili moja tu, asingeanguka.

Na huo mkato wa tatu nao una adabu yake. Ukitazama pale tawi linapoungana na shina, utaona uvimbe mdogo kama kola ya shati. Fundi mzuri hukata nje ya uvimbe huo. Haugusi, wala haachi kisiki kirefu. Sababu ni kwamba mti hauponi kidonda kama sisi tunavyopona. Sehemu iliyojeruhiwa haifanywi upya. Mti huizungushia ukuta kwa ndani ili uozo usisambae, kisha huifunika kwa mti mpya kutoka pembeni. Mtaalamu wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili kuonyesha jambo hili, na mafundi wa nchi nyingi walibadili ukataji wao kwa sababu yake. Ukikata ule uvimbe, umebomoa mahali ambapo mti hujengea ukuta wake. Na kupaka rangi au lami juu ya kidonda, kama wengi tulivyozoea, hakuzuii uozo.

Tatu, kosa tunalolipenda sana mjini: kuukata mti kichwa. Mtu anasema, "Fundi, ushushe wote, ubaki nguzo." Anadhani amejikinga na upepo. La hasha. Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote, mti hukaa na njaa. Mwarobaini uliokatwa kichwa huchipua kwa fujo, lakini machipukizi hayo hushikwa na tabaka la juu tu la mti. Baada ya miaka michache yamekuwa mazito, na chini yake pameoza. Upepo ukija, ndiyo ya kwanza kuanguka. Mvinje nao ukikatwa hivyo mara nyingi hauchipui vizuri, hufa taratibu ukiwa umesimama. Kanuni ya fundi wangu ni kwamba kwa mara moja haondoi zaidi ya robo ya majani, na huanza na matawi makavu, yaliyooza na yanayosuguana.

Nne, umeme. Hapa fundi alibadilika sauti. Nguzo za mitaani hubeba nyaya za volti 230 zinazoingia majumbani, lakini zipo pia zenye volti 11,000 na volti 33,000. Tawi bichi hupitisha umeme, na ngazi ya alumini hupitisha zaidi. Akiona tawi limegusa waya au limekaribia, hakwei mpaka wahusika wa TANESCO wamefika na kuzima laini. Mteja akimwambia, "Wewe kata tu, watachelewa," yeye hufunga kamba zake na kwenda nyumbani. Ameshapoteza wateja kwa njia hiyo, lakini vijana wake wote wako hai.

Sasa tuje kwenye ile bei iliyonishtua. Nilimwomba anifanyie hesabu, naye akaniandikia kwenye karatasi. Vijana wawili na mshika kamba wa siku moja, shilingi 25,000 kila mmoja, ni 75,000. Petroli na oili, 20,000. Gari la kubeba matawi, 60,000. Akiba ya kununua kamba mpya na mnyororo wa msumeno, 25,000. Fungu la dharura na michango ya vijana, 20,000. Hapo tumefika 200,000 na mwenye biashara hajapata hata senti. Ile 80,000 inayobaki ndiyo yake, na wiki nyingine hupata kazi moja tu. Masika yakikolea, mashina yakawa na utelezi, anaweza kukaa wiki nzima bila kukwea.

Mbona akiba ya kamba? Kwa sababu kamba huzeeka. Ikichubuka, au ikiwahi kushika mzigo ulioanguka ghafla, haifai tena kubeba mtu, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Na msumeno wa injini, ule ambao wengi huuita chenso, ni chombo chenye njaa. Petroli yake huchanganywa na oili maalumu, mara nyingi sehemu 50 kwa moja, yaani mililita 20 kwa lita, na mnyororo una oili yake peke yake. Mnyororo huo hukimbia kiasi cha mita 20 kwa sekunde. Ncha ya juu ya ubapa ikigusa mti, msumeno huruka nyuma kumwelekea mshikaji kabla hajapepesa jicho. Kwa hiyo hushikwa kwa mikono miwili, na asiyevaa miwani, kofia ngumu na viatu imara hapewi. Fundi aliniambia pia dalili ya mnyororo butu: ukitoa unga badala ya vipande vya mti, simamisha kazi, unoe.

Ndugu zangu vijana mnaotafuta kazi, hii ni biashara ambayo mji unaihitaji. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893, na tangu enzi hizo mji huu umepandwa miembe, mikungu, mivinje, miarobaini na mikrismasi. Mingi sasa ni mizee, na nyumba zimeisogelea. Lakini msianze na chenso. Anzeni na kamba, msumeno wa mkono na mwalimu. Sajilini jina la biashara BRELA, mpate namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri, maana shule na ofisi hazitoi kazi kwa mtu asiye na risiti. Ukiajiri watu, kumbuka kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakudai vifaa vya kuwakinga, na kwamba kwa sheria ya mwaka 2008 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri wa Tanzania Bara anapaswa kujisajili. Mti wa barabarani usiuguse kabla ya kupita serikali ya mtaa na manispaa. Na magogo usiyapakie kwenye lori kwenda mbali bila kuuliza ofisi ya misitu kuhusu kibali.

Nasi tulio wateja tuna wajibu wetu. Kabla ya kuuliza bei, muulize fundi maswali matatu: Utalishushaje? Nani atashika kamba chini? Mtu akiumia, nani atamtibu? Asiye na majibu, mshukuru, mpe nauli, aende. Usimwite fundi mawingu yakiwa yameshatanda. Mwite mapema, apate siku ya jua na wewe upate nafasi ya kupatana naye. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga paa.

Wahenga hao hao walisema mpanda ngazi hushuka, ila hawakusema atashukaje. Hilo linategemea kamba aliyofungwa, na kamba inanunuliwa kwa ile bei tunayoipunguza tukiwa tumesimama chini kivulini.

Mwembe wangu bado upo. Fundi alikuja akarekebisha kile kidonda kadiri kilivyorekebishika, akasema utaishi, ingawa kovu litabaki. Kijana naye mkono umeunga. Siku hizi anashika kamba chini kwa fundi huyo huyo, anajifunza, na ameambiwa kwamba hatakwea mpaka ajue kufunga mafundo yote akiwa amefumba macho. Juzi nilimkuta amekaa kwenye kibaraza cha jirani yangu, anafunga na kufungua. Mama yule akanitazama, akatazama juu kwenye paa lake jipya, akacheka.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, kwaherini.