Dira ya 2050 na Kontena la Kariakoo

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, inalenga Tanzania yenye uchumi wa dola trilioni moja na pato la wastani la dola 7,000 kwa kila mwananchi kwa mwaka. Malengo yamehesabiwa kwa dola, na uhaba wa fedha za kigeni ndio uliowahi kuvuruga mipango iliyotangulia.

Mpango wa kwanza wa miaka mitano, wa 1964 hadi 1969, ulitegemea mno fedha za nje. Siasa za dunia hazikuusubiri. Mapema 1965 Ujerumani Magharibi ilisitisha msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini. Desemba mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kutouzima uasi wa walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukakwama. Azimio la Arusha la 1967 lilipohimiza kujitegemea, lilikuwa na machungu hayo nyuma yake. Hata jengo la Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, wakati bei ya mafuta ilikuwa imekwisha kulitikisa taifa zima.

Leo misukosuko hufika Kariakoo ndani ya kontena. Mzigo wa Guangzhou haupiti Bahari ya Shamu. Hata hivyo, meli za kati ya Asia na Ulaya zilipoanza kuizunguka Afrika kukwepa mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen katika bahari hiyo mwishoni mwa 2023, safari zikarefuka, meli na makontena vikaadimika na nauli zikapanda kila upande. Mwenye duka hulipa nauli hiyo kwa dola. Mmachinga wa Mtaa wa Kongo huilipa bila kujua, kwenye bei ya jumla. Vita vya Ukraine navyo vilipitia kwenye pampu: Juni 2022 Serikali ilitoa shilingi bilioni 100 za ruzuku ya mafuta.

Kinga mojawapo iko ardhini. Tangu Oktoba 2024, wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe kwa Benki Kuu, inayolipa kwa shilingi na kukuza akiba ya taifa ya fedha za kigeni. Tena misukosuko ileile inayopandisha nauli ya kontena hupandisha pia bei ya dhahabu.