Daftari la Shamba la Karafuu

Kila msimu wa karafuu unapokwisha, suali ni lile lile katika nyumba nyingi za wakulima: fedha zimekwenda wapi? Mtu amechuma, ameanika, ameuza, amehesabiwa fedha zake mkononi na kurudi kwake kwa furaha. Haupiti muda mrefu hana kitu, tena anadaiwa. Wako wasemao kuwa fedha za karafuu hazina baraka. Sisi twaona tulaumu kwanza jambo lililo karibu zaidi: katika nyumba hiyo hapana hata mtu mmoja aliyeandika kilichoingia na kilichotoka. Wazee walisema zamani, mali bila daftari huisha bila khabari.

Kwa mkulima wa karafuu jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka pamoja na bei za mazao mengine duniani, na mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa kwa madeni. Wengine waliweka rahani, wengine waliuza kwa bei khiyari, yaani kuuza shamba kwa sharti la kulikomboa fedha zikipatikana. Hali ilikuwa nzito hata mwaka 1934 serikali ya siku zile ikaweka sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Siku hizo zimepita, lakini mambo ya kukopa hayajabadilika: anayekopa bila ya kuandika hana budi kuikubali hesabu ya daftari la mwenzake, iwe ya haki au isiwe.

Wanachama wetu wengi wanajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratil Baqara, ni ya kuandika deni. Yatuamrisha tuliandike kwa muda wake na tuweke mashahidi, wala tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono hapana lawama isipoandikwa. Hata hivyo, mwenye shamba yafaa aandike hiyo pia kwa faida yake mwenyewe, maana ndimo fedha nyingi zinamopotelea.

Madaftari matatu

Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Yatosha madaftari matatu ya skuli na kalamu moja. Asiyejua kuandika amtake mwanawe au mjukuu wake anayesoma amwandikie kila jioni, kisha amsomee alichoandika.

La kwanza ni daftari la fedha. Kila ukurasa upige mstari katikati. Upande wa kushoto andika fedha zilizoingia, upande wa kulia zilizotoka. Kila mara andika mambo manne: tarehe, jina la mtu, sababu, na kiasi. Usiandike "matumizi, 20,000" ukaacha hivyo hivyo, maana baada ya mwezi hutajua ni matumizi gani. Andika "majamvi mawili" au "gari ya kupeleka magunia kituoni". Kila mwisho wa wiki jumlisha pande zote mbili, toa zilizotoka katika zilizoingia, kisha hesabu fedha zilizomo mkobani. Baki ya daftari na fedha za mkobani lazima zilingane. Zisipolingana, tafuta siku hiyo hiyo ungali unakumbuka. Fedha unazopokea au kulipa kwa simu nazo uziandike. Ujumbe wa simu ni ushahidi mzuri, lakini simu hupotea.

La pili ni daftari la wachumaji. Andika jina la kila mchumaji, na kila siku pishi alizochuma, malipo yake, na kama amelipwa au bado. Upime mbele yake na uandike mbele yake. Ugomvi mwingi wa jioni wakati wa kuchuma huzuka kwa kuwa mwenye shamba anakumbuka pishi sita na mchumaji anakumbuka pishi saba. Mkeo au wanao wakichuma bila ya malipo, pishi zao ziandikwe vile vile, ili ujue shamba limetoa nini.

La tatu ni daftari la madeni. Mpe kila mtu ukurasa wake. Mwenye duka anayekukopesha mchele na sukari awe na ukurasa. Ndugu uliyemkopesha wewe naye awe na wake. Kila ukichukua kitu, andika siku hiyo. Kila ukilipa, andika na utake stakabadhi, au umwombe mwenzako atie sahihi katika daftari lako. Asione kuwa humwamini; mwambie kuwa ni kwa usalama wenu nyote wawili, na warithi wenu.

Mfano wa hesabu

Tutoe mfano. Tarakimu hizi tumezichagua ziwe nyepesi kwa kujifunza; si bei ya soko wala si malipo ya kijiji chochote. Tuseme mwanachama ameuza kilo 300 za karafuu kavu kwa shilingi 10,000 kila kilo, na makonyo yakampa shilingi 30,000.

Zilizoingia:
Karafuu, 3,000,000
Makonyo, 30,000
Jumla, 3,030,000

Zilizotoka:
Kufyeka na kupalilia, 200,000
Wachumaji, pishi 600 kwa 1,500, 900,000
Chakula cha wachumaji, 120,000
Kuchambua, kuanika na ulinzi, 150,000
Magunia na majamvi, 100,000
Gari, 50,000
Jumla, 1,520,000

Zilizobaki ni shilingi 1,510,000. Hiyo ndiyo faida ya shamba, na ndizo fedha ambazo mwanachama huyu aweza kuzipangia mambo yake. Lakini siku ya kuuza alishika zaidi ya milioni tatu, na asiye na daftari hujiona tajiri wa milioni tatu.

Sasa tuseme kabla ya msimu alikuwa amekopa shilingi 400,000, akazitumia kwa chakula cha nyumbani na ada za watoto. Siku alipozipata aliziandika upande wa kushoto kuwa ni mkopo, lakini mkopo si pato la shamba. Siku atakapolipa ataandika upande wa kulia, na malipo hayo si gharama ya shamba. Faida inabaki ile ile 1,510,000, ila baada ya kulipa deni zitakazobaki mikononi mwake ni 1,110,000. Mwenye kuchanganya mkopo na pato hujidanganya mara mbili, siku ya kukopa na siku ya kulipa.

Kwa ajili hiyo twashauri matumizi ya nyumba yasiandikwe pamoja na ya shamba. Ukitoa fedha za shamba kwa ajili ya harusi au mchele, andika "nyumbani", basi. Mwisho wa msimu utajua shamba limekula nini na nyumba imekula nini.

Daftari linasema nini

Ukigawa gharama 1,520,000 kwa kilo 300, utaona kuwa kila kilo ilikugharimu kama shilingi 5,067. Tarakimu hiyo yafaa uijue kabla ya kukubali kumkodisha mtu karafuu zako zikiwa bado mtini. Anayekuja na fedha taslimu wakati una shida huwa amekwisha piga hesabu yake. Wewe nawe uwe nayo yako.

Tena tazama pishi. Katika mfano wetu pishi 600 mbichi zimetoa kilo 300 kavu, yaani kila pishi 100 zimetoa kilo 50. Msimu wa pili, kwa pishi hiyo hiyo, ukipata kilo 40 tu, yafaa uulize. Je, zilinyeshewa jamvini zikawa mpeta? Je, ziliibiwa usiku? Je, pishi ilijazwa makonyo? Je, mizani ilikuwa sawa? Bila ya daftari hutaweza hata kujua kuwa kuna la kuuliza.

Na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huzaa sana mwaka mmoja, ukapumzika mwaka wa pili au zaidi. Mwenye hesabu za miaka mitano au sita ataona wastani wa shamba lake, na katika mwaka mkubwa atajiwekea akiba ya mwaka mdogo badala ya kwenda kukopa.

Liko na la mwisho. Mashamba yetu mengi ni ya urithi, na wenyewe ni ndugu wengi. Mmoja husimamia, wengine wako mjini au ng'ambo. Msimamizi mwaminifu asiye na daftari hushukiwa sawa na mwizi, kwa kuwa hana la kuonyesha. Tumeona ndugu wa tumbo moja wakikatiana salamu kwa msimu mmoja wa karafuu. Msimamizi akiwasomea wenziwe hesabu, kila mmoja akapewa fungu lake na kutia sahihi, maneno huisha hapo hapo.

Basi, ndugu wanachama, msingoje msimu. Nunueni madaftari sasa, mwanze na gharama za kupalilia, kwa kuwa hizo ndizo husahauliwa kwanza. Anayeona uzito wa madaftari yote matatu aanze na lile la madeni. Na akimaliza kuandika aliweke pamoja na hati ya shamba, mahali pakavu, pasipofikiwa na mchwa wala watoto.