Munganga akifika kituoni, afundishe namna gani?

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, mutoto akishikwa na homa usiku, wa kwanza kumuona ni muuguzi wa kituo cha afya. Munganga yuko mbali, na barabara zetu munazijua. Basi munganga asipojua kufundisha, mutoto ndiye anaumia.

Kasongo ilianza zamani. Mwaka 1971 chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, kilileta hapa Mradi wa Kasongo: muuguzi anapokea wagonjwa kituoni, hospitali inapokea walioshindikana, munganga anamtembelea muuguzi kazini.

Lakini kufika, kufungua madaftari na kupiga sahihi, hiyo si kufundisha. Munganga anayejua anakaa pembeni, anaacha muuguzi apime mutoto: ahesabu pumzi dakika nzima, aangalie kama kifua kinabonyea, aulize mama kama ananyonya. Halafu anauliza: "Umeona nini? Mbona umechagua dawa hii?" Kosa la hatari analirekebisha palepale, kwa upole. Mengine yangoje mama atoke. Muuguzi akifokewa mbele ya mama, kesho ataficha asilolijua, na mama hatarudi.

Hata karatasi ya kumrudisha mugonjwa kijijini ni somo, kama munganga ameandika alichokikuta. Muuguzi aliyetuma mutoto akidhani ni malaria tu, akisoma kwamba ilikuwa homa ya uti wa mgongo, mara ijayo atajaribu kuinamisha shingo kwanza.