Skripti Yako ya Python Inaganda? Cheki Bomba Kwanza

Msee, umeanzisha programu mtoto kwa Popen, ukaweka stdout=PIPE, halafu wait(). Na data kidogo iko fiti. Mteja akileta faili kubwa, inaganda, haikuambii kitu, na doo hujalipwa.

Rada ni hii: bomba la Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536 tu. Likijaa, mtoto anasimama, anangoja mzazi achote. Mzazi naye amekaa, anangoja mtoto amalize. Hakuna mwenye anasonga.

Dawa? Toa wait(), weka communicate(). Hiyo inachota huku ikingoja. Lakini inashikilia kila kitu kwa memori, so kama data ni mob, soma stdout mstari kwa mstari, kisha wait() ije mwisho.