Ardhi, Mtende na Nusu Saa ya Maji: Nyaraka za Mkopo na za Kusafirisha Tende katika Bara ya Oman

Nyaraka ambazo serikali humtaka mkulima azitoe kabla ya kukopeshwa, au kabla ya kupeleka mazao yake ng'ambo, huzungumzwa kwa kawaida kama kero moja, ilhali ni ushahidi wa aina mbili zisizofanana. Hati ya mkopo hushuhudia juu ya mtu na mali yake: nani anamiliki nini, na mdai atashika nini iwapo deni halikulipwa. Hati ya kusafirisha hushuhudia juu ya mzigo: umetoka nchi gani, una wadudu au umesalimika, na ushuru gani unaustahili. Katika Ad Dakhiliyah, ambayo makao yake ni Nizwa, na katika Ash Sharqiyah, ambayo mwaka 2011 iligawanywa kuwa ya Kaskazini yenye makao Ibra na ya Kusini yenye makao Sur, aina hizo mbili za hati zina historia ndefu kuliko wizara yoyote iliyopo leo, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mwenye mitende hupata tabu zaidi kwenye dirisha la benki kuliko bandarini.

Chanzo cha tabu ni namna mali ya kilimo ilivyogawanyika. Shamba la mitende katika bara ya Oman si kitu kimoja kisheria, kwa kuwa ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, mitende iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, na maji yanayoinywesha yakawa ya mtu wa tatu anayeishi mtaa mwingine kabisa. Maji hayo huja kwa falaji, yaani mfereji uliochimbwa, aghalabu chini ya ardhi, ukayaleta maji kutoka kisima mama au chemchemi hadi mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Falaji zinazofanya kazi nchini ni karibu 3,000, na tano kati yake ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006; nne kati ya hizo tano zimo katika mikoa inayozungumziwa hapa, nazo ni Daris ya Nizwa, Al-Khatmeen ya Birkat al-Mawz, Al-Malki ya Izki na Al-Jeela karibu na Sur.

Kinachomilikiwa katika falaji ni zamu, wala si kiasi cha maji kinachopimwa kwa ndoo. Kipimo cha msingi ni athari, ambayo ni takriban nusu saa ya mtiririko wote wa mfereji. Athari 24 hufanya badda moja, na athari moja hugawanywa tena katika kiyasi 24, kila kimoja kikiwa kama dakika moja na robo. Zamani zamu zilihesabiwa mchana kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa ardhini na usiku kwa kuchomoza kwa nyota fulani, na hata baada ya saa za mkono kuenea daftari la falaji limebaki na lugha ya athari na badda. Wakili wa falaji ndiye mwenye dhamana ya daftari hilo na ya matengenezo, ambayo hugharimiwa kwa sehemu ya zamu zilizotengwa kwa ajili ya mfereji wenyewe na kukodishwa kwa mnada. Mali ya namna hii hurithiwa kama nyingine yoyote, hivyo mjane wa mtu aliyeacha watoto na athari moja ana thumuni yake, yaani kiyasi vitatu, ambavyo ni pungufu ya dakika nne za maji kila zamu inapozunguka. Na dakika hizo ni mali yake halali, anaweza kuziuza, kuzikodisha au kuziweka wakfu.

Waraka wa zamani wa mkopo uliundwa kulingana na mgawanyiko huo. Njia iliyotumika sana ni bei ya khiyari, yaani mauzo yanayomwachia muuzaji hiari ya kuirudisha mali yake kwa kulipa thamani ileile ndani ya muda uliotajwa. Tuseme mwenye mitende alihitaji riale 200 za Maria Theresia: aliiuza mitende hiyo kwa mwenye fedha kwa riale 200, akapewa miaka miwili ya kuikomboa, kisha akaikodi palepale kutoka kwa mnunuzi na kuendelea kuihudumia na kuvuna, akilipa kodi ya mwaka iliyokuwa ndiyo faida ya mkopeshaji. Kwa sura ya nje hapakuwa na riba, bali palikuwa na mauzo na ukodishaji, na ndiyo maana wanavyuoni wa Kiibadhi walijadiliana kwa muda mrefu, wakiuliza ni wakati gani mauzo kama hayo ni ya kweli na ni wakati gani ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu ya mauzo. Waraka wenyewe ulikuwa mfupi lakini haukuacha pengo: jina la muuzaji hadi la babu na kabila, mipaka ya shamba kwa majina ya majirani wa pande nne, tamko kwamba mitende inauzwa pamoja na maji yake au bila maji yake, muda wa khiyari, na mashahidi, kwa kufuata agizo la aya ya 282 ya sura Al-Baqara kwamba deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Tamko hilo la maji lilikuwa na uzito kuliko mengine yote, kwani mtende usio na zamu ni kuni.

Familia za Ibra, Nizwa na miji ya jirani zilipohamia Unguja na Pemba katika karne ya 19 zilikwenda na utaratibu huu, ukatumika kwa mashamba ya mikarafuu na kwa kugharimia misafara ya pembe za ndovu. Wakopeshaji wengi huko walikuwa Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na kuanzia miaka ya 1860 walizisajili hati zao katika ubalozi mdogo wa Kiingereza, hivyo waraka uliotungwa ili usomwe na kadhi na majirani wanaoyajua mashamba ukageuka ushahidi mbele ya karani asiyemjua hata mmoja wa waliotajwa. Hapo ndipo ulipoanza ugeni wa hati unaoendelea hadi leo.

Mfano wa serikali kuingilia nyaraka zote mbili kwa mkupuo ulitokea Unguja katika miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka na mashamba ya Waarabu, wengi wao wenye asili ya Sharqiyah na Dakhiliyah, yakawa yamezama katika madeni. Mwaka 1934 sheria ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe watu wengine bila idhini ya serikali, madai ya madeni yakasimamishwa kwa muda, na Chama cha Wakulima wa Karafuu kikapewa madaraka mapya. Kisha sheria ya mwaka 1937 ikakikabidhi chama hicho usimamizi wa ununuzi na usafirishaji. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma na soko la India likaisusia karafuu ya Unguja, mpaka yalipopatikana makubaliano mwaka 1938. Nia ya kumwokoa mwenye shamba ilikuwa ya dhati kwa kiasi chake, lakini watunga sheria walisahau kwamba mkopeshaji aliyeambiwa hataweza kulishika shamba hana sababu ya kutoa fedha kwa ajili ya mavuno yajayo, na kwamba mnunuzi wa zao na mkopeshaji wa mkulima walikuwa, mara nyingi, mtu yuleyule.

Oman yenyewe ilipata benki ya umma ya sekta hii mwaka 1981, ilipoanzishwa Benki ya Kilimo na Uvuvi, ambayo mwaka 1997 iliunganishwa na Benki ya Maendeleo ya Oman. Benki ya kisasa inataka mulkia, yaani hati ya umiliki wa ardhi iliyosajiliwa, pamoja na kuruki, ambayo ni ramani ndogo ya kipande inayoonyesha vipimo na nukta za mipaka. Hutazama pia kadi ya hiyaza inayotolewa na wizara ya kilimo kuthibitisha kwamba shamba linalimwa, na kama kuna kisima, kibali chake, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Utajiri wa Maji, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 29 ya mwaka 2000, inataka kila kisima kiwe na idhini. Hati hizi zote zinafaa shamba la pwani ya Al Batinah, lenye uzio mmoja, kisima kimoja na mwenyewe mmoja. Zikiletwa katika bustani kongwe ya Nizwa au Ibra zinasema kweli nusu: mulkia inathibitisha ardhi, haithibitishi zamu, na zamu imo katika daftari la wakili ambalo benki haina namna ya kuliwekea rehani kwa wepesi. Shamba likiuzwa kwa amri ya mahakama huku maji yakibaki kwa mwenyewe wa zamani, mnunuzi amenunua vumbi. Juu ya hayo kuna mirathi, kwani bustani ambayo haijagawanywa rasmi tangu kufa kwa babu huhitaji hati ya kadhi inayowataja warithi wote na ridhaa ya kila mmoja wao, na warithi hao wanaweza kuwa Maskati, Dubai na Zanzibar. Si ajabu basi kwamba kinachomridhisha mkopeshaji mara nyingi ni mshahara wa mkulima huyo au wa mwanawe serikalini, wala si mitende.

Upande wa kusafirisha una historia yake, na Sur ndiyo inayoieleza vizuri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 manahodha wa Sur, waliokuwa wakipeleka tende na samaki mkavu Afrika Mashariki na kurudi na boriti za mikoko, walichukua hati na bendera za Ufaransa, ambazo ziliwaepusha na upekuzi wa manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa. Mgogoro ulifika kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, ambayo tarehe 8 Agosti 1905 iliamua kwamba ruhusa hiyo iliyotolewa kwa mtu na chombo fulani haiwezi kuhamishiwa mtu mwingine wala chombo kingine, hata kikiwa cha mwenyewe yuleyule. Hati ya baharini, kwa maneno mengine, haikurithiwa kama zamu ya maji.

Hati za leo za mzigo ni nyingi lakini kila moja ina kazi inayoeleweka. Sijili ya kibiashara inamtambulisha msafirishaji. Cheti cha asili kinathibitisha nchi mzigo ulikotoka, na faida yake huonekana tu pale penye makubaliano ya ushuru, kama umoja wa forodha wa nchi za Ghuba ulioanza mwaka 2003, eneo huru la biashara la nchi za Kiarabu, au mkataba na Marekani unaotumika tangu mwaka 2009. Tamko la forodha hupitia mfumo wa kielektroniki wa Bayan, chini ya Polisi ya Kifalme ya Oman. Cheti cha afya ya mimea kina ukoo mkongwe zaidi: asili yake ni mkataba wa Berne wa mwaka 1878 dhidi ya mdudu aliyekuwa akiangamiza mizabibu ya Ulaya, na sura yake ya sasa inatokana na Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea wa mwaka 1951. Kwa machipukizi ya mtende cheti hicho si cha mapambo, maana fukusi mwekundu wa mitende, aliyeingia Oman mwaka 1993, husafiri ndani ya shina bila kuonekana.

Tende za mabsali za Sharqiyah ziko katika hali nyingine. Huvunwa zikiwa bado njano na ngumu, mwishoni mwa Juni na Julai, zikachemshwa katika masufuria makubwa ya shaba kwa takriban robo saa, kisha zikaanikwa juani siku kadhaa mpaka zikakauka na kusafirishwa, hasa India. Viwango vya kimataifa huhesabu zao lililochemshwa kuwa haliwezi tena kubeba wadudu wa karantini, hivyo hatari iliyobaki ni ya ghalani na ya magunia, ambayo ni kazi ya usafi na ufukizaji kuliko ya mkaguzi wa mimea.

Jambo linalopuuzwa ni jina linaloandikwa katika hati hizo. Vyeti vyote vya mzigo huwa kwa jina la msafirishaji, ambaye amekusanya tende za mashamba mengi, na mkulima wa Ibra aliyechemsha magunia yake mwenyewe hatajwi popote baada ya mizani. Kwa miaka mingi wizara ya biashara ilikuwa ikizipokea tende hizo moja kwa moja kwa wakulima, na katika mpango wa namna hiyo stakabadhi ya mizani, yenye jina la mkulima, uzito na msimu, ndiyo karatasi pekee inayoonyesha kwamba bustani isiyo na mulkia kamili imetoa mavuno kadha mwaka hadi mwaka. Karatasi hiyo haithibitishi umiliki wa ardhi wala wa maji. Inathibitisha kipato, na kipato ndicho kinacholipa mkopo. Mfanyabiashara binafsi anayepima na kulipa taslimu barazani halazimiki kuiandika.