Somo la Nane: Damu Imejibu, Moyo Haujaamini

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila kikundi kina karani wake. Juma lililopita tulijifunza jinsi damu inavyopimwa kutafuta virusi vya UKIMWI. Leo tutazungumza juu ya mtu aliyepimwa, akaambiwa hana virusi, lakini moyo wake ukakataa kuamini.

Tuchukue mfano. Fundi baiskeli mmoja, mwenye mke na watoto, alisafiri kutafuta vipuri. Huko akalala na mwanamke asiyemjua. Ilipotimia miezi mitatu akaenda kupima: hana virusi. Alifurahi siku mbili. Siku ya tatu akaamka na jasho, akasema, "Ndiyo hiyo." Akaenda kituo kingine: hana. Mwaka ulipokwisha alikuwa amepima mara saba. Kutwa anajishika shingo akitafuta matezi. Usiku analala barazani, na mkewe hajui amekosa nini.

Je, fundi huyu anaumwa nini? Si UKIMWI. Anaumwa hofu, na hofu ni ugonjwa wa kweli, tusimcheke.

Kwanza tukielewe kipimo. Virusi vinapoingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili, yaani askari wake wa kupigana. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta askari hao, si virusi wenyewe. Nao hawatokei siku ile ile. Kwa watu wengi huonekana baada ya majuma machache, na ikitimia miezi mitatu huwa wameonekana kwa karibu watu wote. Ndiyo sababu aliyepima mapema huambiwa arudi. Lakini aliyepima baada ya miezi mitatu, bila kuingia katika hatari nyingine, na bila kutumia dawa za kuzuia virusi, ana haki ya kuyaamini majibu yake. Ukipima mchele ukapata pishi moja, kuumimina na kuupima tena mara saba hakutaongeza punje.

Yuko pia mtu aliyepewa dawa za kujikinga baada ya hatari. Dawa hizo huanzwa ndani ya saa 72, nazo humezwa siku 28. Huyo afuate tarehe atakayopewa na mganga wake, maana dawa hizo zaweza kuchelewesha majibu.

Mtaniuliza, "Na lile jasho, je?" Mwenye hofu moyo humwenda mbio, hutoka jasho, tumbo humharisha, usingizi na hamu ya chakula humtoka. Asipokula hukonda. Akijiona amekonda, hofu huzidi. Na shingo inayobonyezwa mara ishirini kwa siku haikosi kuuma. Hivyo hofu hujitengenezea ushahidi wake yenyewe. Kila kipimo kipya humpa nafuu ya siku mbili, na moyo huzoea kwamba hakuna utulivu ila kwa kupima tena.

Hofu hii haikuzuka bure. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi dawa ya kuwasaidia haikuwapo. Wengi wetu tuliwazika wazazi na wajomba. Lakini mambo yamebadilika. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa bure. Leo mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku huishi miaka mingi, na virusi vikishuka hata visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Basi fundi wetu alifika mara ya nane. Safari hii mshauri hakumchoma kidole. Alimwuliza, "Baba, kama ningekuapia kwamba huna virusi, ungelala leo?" Fundi akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, mimi nimemkosea mke wangu." Mshauri akamjibu, "Hilo ndilo ulilokuja nalo, baba. Damu haiwezi kukujibu hilo."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye somo letu. Kipimo hujibu swali moja tu: virusi vimo au havimo. Mtu akikiuliza juu ya hatia, aibu au msamaha, kitanyamaza, naye atadhani kimekosea.

Ufanye nini, basi? Hesabu siku pamoja na mganga, pima kwa tarehe inayofaa, na karatasi uiweke sandukuni. Hamu ya kupima tena ikija, iambie ingoje hadi kesho. Kesho nayo uiahirishe. Hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe isipolishwa. Acha kubonyeza matezi, na acha kutafuta dalili kwenye simu usiku wa manane. Mweleze mtu mmoja anayejua kutunza siri. Hofu ikidumu majuma mengi, ikakuzuia kulala na kufanya kazi, nenda hospitali. Yako matibabu ya mazungumzo, na dawa pia. Wazo la kujiua likikujia, usingoje hata siku moja. Na ukiingia katika hatari mpya, hiyo ni hesabu nyingine: pima upya, na tumia kondomu.

Fundi alirudi kulala chumbani. Alimweleza mkewe nini, hilo ni lao wawili.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini aliyepima baada ya juma moja huambiwa arudi?
2. Taja mambo matatu ambayo hofu huyafanya mwilini.
3. Jirani akikuambia amepima mara tano na bado haamini, utamwambia nini bila kumwaibisha?

Karani aandike majibu. Tukutane juma lijalo. Kwa herini.