Hisabati ya chuo wakati wa kusi: soko la tuisheni kisiwani Mombasa

Likizo ndefu ya vyuo vikuu nchini Kenya mara nyingi huangukia kati ya Mei na Agosti. Pwani hiyo ni miezi ya kusi: masika yanaishia, mahoteli yana wageni wachache, na mwanafunzi aliyerudi nyumbani hapati kibarua kwa urahisi. Muda anao. Ndipo biashara ya kufundisha hisabati watu wazima inapochangamka kisiwani Mombasa, kuanzia Tudor hadi Mji wa Kale.

Wateja ni wa aina tatu. Wa kwanza ni mwanafunzi aliyeanguka kalkulasi au hisabati ya uhandisi, anayengojewa na mtihani wa marudio, ambao wenyewe huuita sapu. Wa pili ni karani wa bandarini au wa ofisi ya uwakala wa forodha anayesomea uhasibu wa bodi ya mitihani ya KASNEB, ambaye karatasi ya hesabu na takwimu ya ngazi ya kwanza imemkwamisha. Wa tatu alimaliza kidato cha nne zamani, na sasa anataka kozi inayodai alama ya hisabati asiyokuwa nayo.

Kwa upande wa walimu, kalenda haiwapi nafasi kubwa. Mwalimu wa sekondari yumo katika muhula wa pili mpaka karibu na Agosti, kwa hivyo anapatikana jioni tu. Mitihani ya KASNEB hufanywa Aprili, Agosti na Desemba, na anayelenga ile ya Agosti hawezi kungoja shule zifunge. Matokeo yake, saa za biashara hii ni chache: baina ya alasiri na magharibi, au baada ya isha, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Mwaka ambao Ramadhani huangukia likizo hii, hata hizo hupungua.

Sheria nayo inaamua nani afundishwe. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza tuisheni ya likizo kwa wanafunzi wa shule. Anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Mwanafunzi wa chuo hamo katika katazo hilo. Kwa hiyo, wakati wa likizo za shule, mwalimu mwenye hofu ya mkono wa dola ana kila sababu ya kumpendelea mteja mtu mzima, na tangazo lake hubandikwa ukutani bila woga.

Tudor ina soko lake kwa sababu ya chuo kilichopo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojulikana kwa kifupi MIOME, miaka ya mwisho ya 1940. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, 1972 kikaitwa politekniki, na 2013 kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili. Penye uhandisi pana hisabati, na penye hisabati pana wa mwaka wa nne anayemfundisha wa mwaka wa kwanza. Huyo ndiye mwalimu wa bei nafuu kuliko wote. Mtihani uliomwangusha mwenzake anaujua, maana aliufanya juzi. Upungufu wake ni kwamba mara nyingi anafundisha jibu na kuiacha njia.

Bei hupangwa kwa kipindi, na malipo hupita M-Pesa. Hesabu yake ni rahisi kuonyesha kwa namba za mfano tu. Darasa la watu 6, kila mmoja akilipa shilingi 300, linampa mwalimu 1,800 kwa saa mbili. Mwanafunzi mmoja anayefundishwa nyumbani kwake mwenyewe angelazimika kulipa hizo 1,800 peke yake ili mwalimu asipunjike, na nauli ya bodaboda au tuktuk bado haijatajwa. Ndiyo sababu mwalimu mzuri huvutwa na kikundi. Hata hivyo, katika Mji wa Kale mafunzo ya nyumbani yana wateja wake wa kudumu: baadhi ya familia hupendelea binti afundishwe sebuleni na mwalimu wa kike, na kwa hilo ziko radhi kuongeza.

Kozi za daraja, ambazo baadhi ya vyuo hutoa kwa anayepungukiwa na alama ya somo moja, ni bidhaa nyingine kabisa. Hapa mteja ananunua cheti. Chuo kimoja hukikubali na kingine hukikataa, na wa kuulizwa ni ofisi ya msajili wa chuo kinachoombwa, kabla ya kulipa hata senti. Anayetaka alama isiyobishaniwa hujiandikisha upya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini mtihani kwa kawaida ni mwisho wa mwaka, na likizo moja haitoshi.

Ipo pia njia isiyokuwa na mwalimu. Kitabu cha K. A. Stroud cha hisabati ya uhandisi, kilichotoka mara ya kwanza 1970, kiliandikwa makusudi kwa msomaji aliye peke yake. Simuni kuna tovuti ya masomo ya Khan Academy, isiyotoza kitu isipokuwa bando. Vyote hivi kwa kiasi kikubwa ni vya Kiingereza, na hapo ndipo tuisheni inaposhinda video ya bure. Hisabati ya sekondari Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa jioni hulieleza lile lile kwa Kiswahili, na hayo maelezo ndiyo mteja anayolipia, hata kama tangazo limeandikwa Kiingereza.

Kiswahili chenyewe kina akiba ya kutosha ya maneno ya hisabati. Mtoto aliyepita madrasa ya Mji wa Kale na kufika faraidhi amekwisha kukutana na nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumni kama mafungu ya urithi. (Thumni ya mirathi ni sehemu moja ya nane, ya dukani ilikuwa senti hamsini.) Mwanamke akifa akaacha mume na dada wawili wa baba na mama, mume ana nusu na dada wana thuluthi mbili. Kwa asili ya 6, mume 3 na dada 4: jumla 7, imezidi. Wanazuoni hufanya auli, mali ikagawanywa mafungu 7. Aliyeielewa hatua hiyo ya kutafuta asili moja ya mafungu mawili hana la kuogopa akiambiwa kwamba 1/x kutoa 1/(x+1) ni 1/(x(x+1)), na bila hatua hiyo sura nzima ya kalkulasi haifunguki.

Kasoro kubwa ya soko hili ipo papo hapo. Bei hufuata jina la mada: kalkulasi ni ghali, sehemu na aljebra ni rahisi. Aliyeanguka kalkulasi hununua kalkulasi, ilhali mara nyingi kilichomwangusha ni aljebra ya kidato cha pili, iliyomo katika vitabu vya shule vya KLB vinavyopatikana kwa wauza vitabu vya mitumba. Katika kikundi cha watu 6, kila mmoja amekwama mahali pake, na mwalimu anaendelea na mada iliyotangazwa.

Anayetaka kujua pa kuanzia achukue karatasi ya kwanza ya hisabati ya KCSE, 121/1, ya mwaka wowote, aifanye kwa saa mbili na nusu bila kusaidiwa, na siku ya kwanza ampelekee mwalimu ile iliyosahihishwa. Mwalimu asiyetaka kuiona, mtafute mwingine.